Spika za Honi na Amplifaya Yake: Mwongozo Kamili wa Chumba cha Kusikilizia Muziki Mombasa

Mtu anayetaka kuweka spika za honi nyumbani kwake mara nyingi huanza na swali la amplifaya: ni ipi yenye wati nyingi, na inauzwa wapi. Baada ya hapo huulizia spika, na chumba hukumbukwa siku mzigo unapofika mlangoni ukakataa kupita. Mwongozo huu unakwenda kinyume na mpangilio huo. Chumba kinatangulia kwa sababu ndicho kitu pekee kisichoweza kubadilishwa. Spika inafuata kwa kuwa lazima ikae ndani ya chumba hicho. Na amplifaya inakuja mwisho, wakati ambapo tayari unajua ni kazi kiasi gani itakayotakiwa kuifanya. Kwa spika za honi kazi hiyo ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani, na fedha zilizotengwa kununulia wati zinaweza kwenda mahali penye faida zaidi.

Honi inafanya nini

Spika ya kawaida, ile ambayo karatasi yake husukuma hewa moja kwa moja, hupoteza karibu nguvu zote inazopewa. Spika yenye unyeti (ukubwa wa sauti kwa nguvu inayopewa) wa desibeli 92 kwa wati moja, ikipimwa kwa umbali wa mita moja, hugeuza takriban asilimia 1 tu ya umeme kuwa sauti, na iliyobaki huishia kuwa joto kwenye koili, yaani waya uliozungushwa unaosukuma karatasi. Karatasi ni nzito na hewa ni nyepesi, kwa hiyo msukumo mwingi haupati kitu cha kuushika. Honi hurekebisha hali hiyo. Kwenye koo, pale inapofungwa yuniti, yaani kile kichwa chenye sumaku na utando, njia ni nyembamba na shinikizo la hewa ni kubwa. Kutoka hapo njia hupanuka kwa utaratibu maalumu hadi mdomoni, ambako sauti hukabidhiwa chumba bila kupotea sana. Mwenyeji wa Mombasa huisikia kazi hiyo kila alfajiri, pale yuniti ndogo katika honi ya bati iliyofungwa juu ya mnara inapofikisha adhana mitaa kadhaa. Honi hizo za minara, hata hivyo, zimeundwa kwa ajili ya sauti ya binadamu peke yake, hazina besi wala sauti nyembamba za kutosha, na anayezinunua kwa ajili ya muziki wa sebuleni atajuta.

Honi za muziki zilitokana na sinema. Mwaka 1926 wahandisi Wente na Thuras wa maabara za Bell nchini Marekani walitengeneza yuniti ya mgandamizo iliyowezesha filamu za sauti kujaza ukumbi mzima, wakati ambapo amplifaya zilikuwa za wati chache tu. Ndoa ya honi na amplifaya ndogo, basi, ni ya tangu siku ya kwanza, wala si mtindo uliobuniwa na wapenda muziki wa siku hizi.

Hatua ya kwanza: pima chumba

Chukua tepu ya fundi na uandike upana, urefu na kimo cha dari, kisha upana wa mlango, upana wa ngazi na mahali ngazi inapokata kona. Andika pia ni pembe ngapi za chumba zilizo wazi, zisizo na mlango, dirisha wala kabati, kwa sababu idadi hiyo itaamua jambo kubwa baadaye.

Mombasa ina vyumba vya aina mbili ambavyo tabia zake hazifanani. Nyumba za mawe za Mji wa Kale zilijengwa kwa dari zinazobebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Vyumba vingi havizidi mita 3 kwa upana, ingawa vinaweza kuwa virefu mara mbili ya hapo au zaidi, na dari iko juu. Katika hewa ya nyuzi 30 sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo chumba cha upana wa mita 3 huwa na mvumo wake wa kwanza kati ya kuta za ubavuni kwenye hezi 58 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde), palepale besi ya gitaa na ngoma inapokaa. Ukiweka humo spika yenye besi kubwa utasikia noti moja ikivimba na nyingine zikipotea. Chumba cha namna hii hakihitaji besi ya kutisha. Kinahitaji honi inayoelekeza sauti mbele bila kuipiga kwenye kuta zilizo karibu mno.

Aina ya pili ni sebule za nyumba na fleti mpya za Nyali, Bamburi na Tudor: upana wa mita 4 hadi 5, kuta za matofali ya saruji, sakafu ya vigae, na madirisha makubwa ya vioo. Simama katikati upige kofi moja. Ukisikia mlio unaotetemeka kama unarudi mara nyingi kwa haraka, sauti inadunda kati ya kuta mbili zilizokabiliana. Hapa honi ina faida ambayo haizungumzwi vya kutosha. Spika ya kawaida hutawanya sauti za kati kila upande, na vigae na vioo huzirudisha zote. Honi iliyoundwa vizuri huzifunga ndani ya pembe inayojulikana, kwa mfano nyuzi 90 kwa mlalo na 40 au 60 kwa wima, na hivyo msikilizaji hupata sauti ya moja kwa moja kwanza na mwangwi baadaye, ukiwa hafifu. Zulia zito mbele ya spika, mapazia ya kitambaa kinene na rafu ya vitabu nyuma ya kochi vitamaliza sehemu kubwa ya tatizo lililobaki.

Kuna mambo mawili ya hapa kwetu ambayo vitabu vya Ulaya havitakuambia. La kwanza ni madirisha. Kwa joto la Februari hakuna anayefunga dirisha akasikiliza kwa raha bila kipoza hewa, na dirisha lililo wazi humeza sauti yote inayoliendea, besi ikiwemo. Mvumo wa chumba unapungua, jambo ambalo ni zuri, lakini na uzito wa besi unapungua nao. Pima na usikilize chumba katika hali utakayokitumia, madirisha yakiwa kama yatakavyokuwa. La pili ni pangaboi. Likizunguka juu ya kichwa cha msikilizaji hukata sauti inayodunda darini na kuifanya noti ndefu ya fidla au ya msomaji wa Kurani isikike kama inatetemeka. Kochi lisiwe chini yake kabisa, au feni ya ukutani ichukue nafasi yake wakati wa kusikiliza.

Hatua ya pili: chagua aina ya honi inayokubaliana na vipimo

Ukubwa wa honi hauamuliwi na ladha. Ili honi ifanye kazi hadi masafa fulani ya chini, mzingo wa mdomo wake unapaswa kukaribia urefu wa wimbi la masafa hayo. Kwa hezi 500 wimbi lina sentimita 70, na mdomo wa duara wa sentimita 22 unatosha. Kwa hezi 300 kipenyo kinafika sentimita 37. Kwa hezi 40 wimbi ni mita 8.7, na mdomo unaohitajika una kipenyo cha mita 2.8, yaani eneo la karibu mita 6 za mraba, ambalo ni ukuta mzima wa chumba cha Mji wa Kale. Hapo ndipo pembe za chumba zinapoingia. Honi ya besi ikiwekwa pembeni, sakafu na kuta mbili zinakuwa mwendelezo wa honi yenyewe, na eneo la mdomo linaweza kupungua hadi sehemu moja ya nane, karibu robo tatu ya mita ya mraba.

Paul Klipsch wa mji wa Hope, Arkansas, alijenga biashara yake juu ya hesabu hiyo, na Klipschorn aliyoanza kuiuza mwaka 1946 bado inatengenezwa. Kiwanda kinaitajia unyeti wa desibeli 105. Lakini inataka pembe mbili zilizo wazi kwenye ukuta mmoja, ukuta huo uwe na upana wa kutosha ili spika zisibanane, na kila spika ina upana wa karibu sentimita 80. Kwa sebule ya Nyali yenye ukuta wa mita 5 na pembe mbili safi, sijui spika inayotoa besi ya kweli kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa chumba cha mita 3, au sebule ambayo pembe yake moja imekuwa mlango wa jikoni, ni bora kuisahau. La Scala, ndugu yake asiyehitaji pembe, husimama popote, ila besi yake huishia karibu na hezi 50, na aliyezoea muziki wa dansi wenye besi nzito ataona kuna kitu kimepungua.

Aina ya pili ni mchanganyiko: honi kwa sauti za kati na nyembamba, na wufa ya kawaida ya inchi 12 au 15 katika kasha kwa besi. Ndiyo aina inayofaa nyumba nyingi za Mombasa. Heresy na Cornwall za Klipsch, spika za zamani za Altec na JBL, na hata Tannoy zile ambazo honi ya sauti nyembamba imefichwa katikati ya wufa, zote zimo katika kundi hili. Heresy ni ndogo kiasi cha kukaa katika chumba chembamba na kiwanda kinaitajia desibeli 99; Cornwall ni kabati kamili na inataka angalau mita 3 kutoka ilipo hadi kochini. Umbali huo una sababu. Wufa, honi ya kati na honi ya juu ni vyanzo vitatu vilivyo mbali kimoja na kingine, na ukikaa karibu sana utasikia sauti ya mwimbaji ikitoka mahali pamoja na ngoma yake pengine. Kadiri honi zinavyokuwa kubwa na kutengana, ndivyo kochi linavyotakiwa kurudi nyuma.

Aina ya tatu ni honi ya nyuma yenye spika moja tu isiyo na krosova, yaani saketi inayogawa sauti za juu na za chini kwa spika tofauti. Mbele ya spika hutoa sauti za kati na nyembamba moja kwa moja, na nyuma yake hupitia njia ndefu iliyokunjwa ndani ya kasha ili kupata besi. Lowther ya Uingereza na Fostex ya Japani ndizo zinazojulikana zaidi, na Fostex huchapisha michoro ya makasha ya kutengenezea spika zake. Hii ndiyo njia ya mwenye bajeti ndogo aliye na fundi seremala mzuri. Mpe fundi mchoro wenye vipimo kwa milimita, nunua marine board (plaiwudi inayostahimili maji) ya milimita 18, na usikubali chipbodi hata akikuapia kwamba ni ile ile. Mwambie pia kwamba kila kiungo cha ndani kinatakiwa kuzibwa kwa gundi kisivuje hewa, kwa sababu kasha hili si kabati la nguo na upenyo mdogo ndani hausameheki. Utapata sauti ya mwimbaji iliyo karibu na hai kwa namna ya pekee, na hutapata besi ya chini ya hezi 50 wala kelele kubwa. Kwa taarabu ya udi, ganuni na sauti moja, mimi ningechagua hii kabla ya spika ya bei mara tatu.

Hatua ya tatu: hesabu wati unazohitaji

Kanuni ni mbili tu. Kila desibeli 3 za nyongeza zinataka nguvu mara mbili, na kila desibeli 10 zinataka nguvu mara kumi. Kwa chumba cha kawaida, spika mbili zikicheza pamoja na msikilizaji akiwa umbali wa mita 3 hadi 4, toa desibeli 6 katika unyeti uliotajwa upate sauti itakayomfikia kwa wati moja. Vilele vya muziki ukisikiliza kwa sauti kubwa hufika desibeli 102 hivi.

Spika ya kawaida yenye unyeti wa 88 itakupa 82 kochini kwa wati moja. Zimebaki desibeli 20, yaani wati 100. Spika ya honi ya 99 itakupa 93. Zimebaki 9, yaani wati 8. Spika ya 104 itakupa 98, na wati 2.5 zinatosha kwa kilele kile kile kilichomgharimu mwenzako wati 100. Ukiwa unasikiliza kwa kiasi, karibu desibeli 78, spika hii ya mwisho inatumia sehemu moja ya mia ya wati.

Tahadhari moja kabla ya kuamini hesabu hizi: takwimu za viwanda mara nyingi hupimwa kwa namna inayowapendelea wauzaji, na wapimaji huru mara nyingi hupata desibeli kadhaa pungufu. Toa desibeli 3 kwenye takwimu ya kiwanda, kisha piga hesabu. Hata hivyo utabaki na mahitaji ya wati 5 hadi 20, na aliyekuambia kwamba honi kubwa zinataka amplifaya kubwa atakuwa amechanganya ukumbi wa harusi na sebule.

Hatua ya nne: amplifaya inayofaa

Kwa kuwa wati si tatizo, vigezo vinavyobaki ni ukimya, ukuzaji, ukinzani wa kutokea, joto na umeme wa nyumbani.

Ukimya ndio kigezo cha kwanza, na kwa mtazamo wangu ndicho kinachowaangusha wanunuzi wengi zaidi. Honi hukuza kila kitu, pamoja na uchafu wa amplifaya. Amplifaya inayotoa milivolti 1 ya kelele kwenye spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) yenye unyeti wa 88 itatoa desibeli 19 kwa umbali wa mita moja, ambazo hakuna atakayezisikia. Kelele hiyo hiyo kwenye spika ya 105 inakuwa desibeli 36, na usiku feni ikizimwa utaisikia kochini ikivuma na kusema shhh. Lenga kelele isiyozidi milivolti 0.3. Fundi mwenye mita inayopima milivolti za AC anaweza kukuhakikishia kwa dakika tano: ingizo lifungwe kwa waya mfupi, pato liunganishwe na rezista ya omu 8, kisha asome. Asiye na mita aunganishe amplifaya na spika yenyewe, awashe bila muziki, na aweke sikio kwenye mdomo wa honi. Mvumo mzito wa chini ni wa transfoma, wa uchujaji wa umeme au wa waya wa ardhi. Shhh ni ya amplifaya yenyewe na haiondoki kwa kubadilisha waya.

Ukuzaji unafuata. Vifaa vya kidijitali hutoa volti 2, na amplifaya nyingi zimeundwa kufika nguvu kamili kwa volti moja au pungufu. Kwa spika ya honi maana yake ni kwamba kizungusho cha sauti hakitoki kwenye robo ya kwanza ya safari yake, mahali ambapo upande wa kulia na wa kushoto mara nyingi havilingani. Kama amplifaya yako ina sehemu mbili, ya mbele yenye vidhibiti na ya nguvu inayoendesha spika, weka kati yake kipunguza mawimbi cha desibeli 10 hadi 20, kidude kidogo cha rezista chache ambacho fundi anaweza kukiunga ndani ya plagi. Kitarudisha kizungusho katikati na kupunguza pia shhh ya sehemu ya mbele.

Sasa aina. Valvu ni chupa ya kioo inayokuza umeme, iliyotangulia transista. Ya 300B, iliyotolewa na Western Electric mwaka 1938, ikitumika peke yake kwa kila upande hutoa wati 8 hivi. 2A3 hutoa wati 3.5, EL84 mbili kwa kila upande hufika wati 12 hadi 15, na EL34 mbili hufika 35. Rudi kwenye hesabu ya hatua ya tatu. Spika ya 104 inatosheka na 2A3, ya 99 inataka 300B kwa uchache au EL84 mbili kwa starehe, na ya 95 itakuwa salama zaidi na EL34. Upande wa transista, tafuta daraja A, yaani aina ambayo transista zake hufanya kazi muda wote bila kupokezana, la wati 10 hadi 25, kwa sababu kwa spika hizi utaishi ndani ya wati ya kwanza siku zote, na amplifaya za kawaida za transista zina dosari ndogo ya makabidhiano, pale transista moja inapoipokeza nyingine kazi, hapo hapo penye sauti ya chini. Nelson Pass wa Marekani ana kampuni inayoitwa First Watt kwa sababu hiyo hiyo. Amplifaya za kisasa za daraja D, ambazo transista zake huwashwa na kuzimwa kwa kasi kubwa, nazo zimekuwa kimya sana, hazitoi joto, na kwa fleti ya Bamburi isiyo na kipoza hewa ni chaguo la busara ambalo wapenda valvu hawapendi kulikubali.

Ukinzani wa kutokea, yaani ukinzani wa amplifaya yenyewe upande wa spika, unahusu zaidi valvu. Spika iliyoandikwa omu 8 inaweza kushuka hadi omu 4 kwenye masafa fulani na kupanda hadi 30 kwingine. Amplifaya ya 300B yenye ukinzani wa omu 2.5 itaipa spika hiyo desibeli karibu 3.5 zaidi pale penye 30 kuliko pale penye 4, na hiyo ni tofauti inayosikika wazi, kama mtu amegusa vidhibiti vya besi. Kwa spika ya mchanganyiko yenye wufa, besi inaweza kulegea. Jaribu kuunganisha kwenye tundu la omu 4 badala ya 8 nyuma ya amplifaya. Utapoteza nguvu kidogo na besi itakaza.

Joto halihitaji maelezo mengi. Amplifaya ya 300B au ya daraja A huteketeza wati 100 au zaidi muda wote iwapo imewashwa, muziki uwe unacheza au haupo. Iache sentimita 20 za hewa juu, usiifungie ndani ya kabati la televisheni, na kumbuka kwamba kipoza hewa utakachokiwasha kupambana nayo kina kelele zake.

Umeme unataka uangalifu zaidi. Kenya inatumia volti 240 na hezi 50. Amplifaya nyingi za valvu kutoka China zimetengenezwa kwa volti 220, na kwenye 240 nyuzi za valvu hupata asilimia 9 zaidi ya zinavyostahili, jambo linalofupisha maisha yake. Uliza kabla ya kununua kama transfoma ina tundu la 240. Vifaa vya mtumba kutoka Japani ni vya volti 100 kamili, na transfoma ya kushusha iliyoandikwa 110 haifai kwao. Vya Marekani ni vya volti 120 na hezi 60. Ukishusha volti, hezi hazibadiliki, kwa hiyo transfoma za ndani zinaweza kupata moto na kuvuma, na santuri kwenye mashine ya zamani yenye mota ya AC itazunguka kwa sehemu tano za sita ya kasi yake. Stebilaiza nzuri ni ya lazima mtaani ambako taa hufifia jioni. Na ndani ya amplifaya ya valvu kuna volti 300 hadi 450 za DC ambazo hubaki kwenye kapasita (vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme) hata baada ya kuchomoa plagi, kwa hiyo anayeifungua awe fundi anayejua kuzimaliza kwanza.

Hatua ya tano: kagua mtumba kabla ya kulipa

Spika nyingi za honi zinazofika hapa ni za mtumba. Pima kila yuniti kwa mita: ya omu 8 husoma kati ya 5 na 7, ya omu 16 husoma 10 hadi 13, na yuniti mbili za jozi moja zinapaswa kukaribiana. Zikisoma tofauti, huenda utando mmoja ulibadilishwa kwa usio wake. Cheza kutoka kwenye simu mlio mmoja unaopanda polepole, kwa sauti ya chini, na usikilize kama kuna kukwaruza mahali fulani.

Kisha fungua yuniti kutoka kwenye honi na upitishe kidole ndani ya koo. Panatakiwa kuwa laini kama ndani ya kikombe. Ukihisi ngazi, hata ya milimita moja, gasketi imekaa vibaya au mtu alifunga yuniti yenye tundu la ukubwa mmoja kwenye honi yenye tundu la ukubwa mwingine, na ukali unaousikia katika sauti za wanawake unatoka hapo. Angalia rangi ya kijani kwenye vichwa vya nyaya, na ubonyeze kwa upole ukingo wa wufa. Wa sponji ukiachia unga, unakaribia kufa, na hewa ya pwani haiuhurumii. Wa kitambaa kilichopakwa dawa hudumu miongo.

Hatua ya sita: panga na usikilize

Weka spika ili honi za kati ziwe kwenye kimo cha masikio ya aliyeketi. Spika fupi kama Heresy ziinamishwe nyuma kidogo kwa kitako chake au ziinuliwe. Zigeuze ndani mpaka mistari ya honi mbili ikutane hatua moja mbele ya kichwa chako. Kwa chumba chembamba mpangilio huu huepusha kuta za ubavuni na kupanua mahali pazuri pa kukaa. Mwenye spika za pembeni hana uhuru huo, ila anaweza kusogeza kochi, na sentimita 30 mbele au nyuma hubadilisha besi kuliko kubadilisha waya wowote.

Anza kusikiliza na sauti moja isiyo na ala. Kisomo cha Kurani kilichorekodiwa vizuri ni kipimo kikali, kwa sababu sikio la mtu wa hapa linajua sauti hiyo ilivyo msikitini. Ikisikika kama inatoka kwenye bomba, honi ya kati inasukumwa chini ya masafa yake au haina uzito wa kutosha kuzuia mtetemo. Gonga upande wake wa nje, na ikilia kama sufuria, ifunge kwa utepe mzito wa lami. Kisha weka taarabu yenye taishokoto, ala ya nyuzi na vibonye yenye asili ya Japani, ambayo itakuambia mara moja kama sauti za juu ni kali. Zikiwa kali, punguza honi ya juu kwa rezista kwenye krosova desibeli moja moja, siku moja kila mara, badala ya kurukia kununua yuniti mpya. Besi ije mwisho.

Anayetumia amplifaya mbili, valvu kwa honi na daraja D kwa wufa, asisahau kuweka kapasita ya mikrofaradi 60 hadi 70 mbele ya yuniti ya honi inayoanzia hezi 1,000 au zaidi. Mshindo mmoja wa kuwasha bila kapasita hiyo unatosha kuchana utando.

Chumvi, maji na mchwa

Mara moja kila miezi michache, ukiwa umezima kila kitu, chomoa na uchomeke tena plagi zote ili kukwangua kutu changa, na paka vichwa vya nyaya dawa ya kusafishia viunganisho. Makasha ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) hunywa maji kutoka chini kila sakafu inapopigwa deki, na baada ya mwaka ukingo huvimba. Yaweke juu ya miguu ya sentimita 3 hadi 5. Miguu hiyo hiyo itakuwezesha kuona njia ya udongo ya mchwa kabla haijafika kwenye mbao. Nyumba ikifungwa kwa wiki kadhaa, weka vifuko vya jeli ya kunyonya unyevu ndani ya kasha la wufa, funika honi kwa kitambaa cha pamba wala si plastiki, na ukirudi washa amplifaya kwa saa moja bila muziki kabla ya kucheza chochote.